Kodoni za Polepole na Kuku wa Mama

Watu wa Kisarawe wakimuuliza mama yangu ninafanya kazi gani, huwajibu kwamba niko Kibaha, natengeneza dawa ya kuku. Kwa miaka kadhaa nilimsahihisha. Si dawa mama, ni chanjo. Na siitengenezi mimi, mimi naandika tu jeni kwenye kompyuta. Alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha jirani mwingine akipita anamwambia vilevile, natengeneza dawa ya kuku. Nikaachana naye. Mimi ni mtu wa kukasirika upesi kwa mambo madogo, na mama amenizaa, anajua lipi la kulipuuza.

Nimepanga mtaa wa Kwa Mathias, hapa Kibaha, chumba na sebule nyuma ya duka la mabati, na asubuhi naenda maabara kwa pikipiki yangu. Maabara yenyewe sitaitaja. Ni ndogo, ina friji mbili za kutegemewa na moja ya kusali, na sisi tuliomo tunapendana zaidi ya tunavyoonyesha. Mkuu wetu ni mama wa makamo, mpole, anayependa kuongea taratibu hata umeme ukikatika katikati ya kazi. Upole huo wakati ule ulikuwa unanikera.

Ili nieleweke, niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, na anayeijua aniwie radhi. Jeni ni maagizo. Yameandikwa kwa herufi nne tu, na husomwa tatu tatu. Kila tatu huitwa kodoni, na kila kodoni huiambia seli ilete tofali fulani la kujengea protini. Sasa, tofali moja linaweza kuagizwa kwa kodoni zaidi ya moja. Mengine yana kodoni hadi sita. Ukitumia hii au ile, protini hujengwa kwa matofali yaleyale kwa mpangilio uleule. Lakini viumbe vina mazoea. Kuku ana kodoni zake anazozitumia sana, hamira ina zake, na binadamu ana zake. Kodoni iliyozoeleka husomwa upesi kwa sababu wabebaji wa tofali lake wamejaa ndani ya seli. Kodoni adimu huifanya seli isimame kidogo, imsubiri mbebaji.

Virusi havina kiwanda chao, vinaazima cha mwenyeji. Ndiyo maana vingi vikikaa ndani ya aina moja ya mnyama kizazi baada ya kizazi, huanza kuelekea mazoea ya mnyama huyo, polepole, kama mgeni anayeanza kupenda chakula cha mji alikohamia. Wapo wataalamu wanaoutumia ujuzi huo kinyume: wanakiandika kirusi upya kwa kodoni adimu, sura yake haibadiliki, lakini kinazaliana kwa kujikokota, na mwili unapata muda wa kukijua na kukishinda. Wazo hilo nalipenda mno. Sisi hatukuwa na mahali pa kufungia kirusi cha namna hiyo, kwa hiyo tulichukua njia fupi zaidi. Tulitaka jeni moja tu ya kirusi cha mdondo, ambao mama na wenzake huuita kideri, tuipe aina ya hamira iisome, ituzalishie protini ya kirusi bila kirusi chenyewe. Protini hiyo ndiyo ingekuwa chanjo.

Chanjo ya mdondo ipo siku nyingi, matone ya kudondoshea kuku jichoni, na ni nzuri, sitaki mtu afikiri naibeza. Shida yake ni kwamba inabidi irudiwe kila baada ya miezi michache, na wengi hutoa mara moja wakasahau. Ya kwetu tulitumaini ingekaa muda mrefu zaidi. Ili tuijaribu kwa haki tulihitaji kuku wa kienyeji ambao hawajapewa matone karibuni, maana damu yenye kingamwili za chanjo nyingine isingetuambia lolote. Tukaomba nyumba chache za wakulima kwenye kijiji cha Janga, na nyumba moja Kisarawe. Hiyo moja ilikuwa ya mama yangu, na aliyeomba ni mimi.

Kuku wale hawakuwa kuku wa kununua tu. Mbegu yao aliianza bibi, mama yake mama, kuku warefu wenye miguu ya njano na jogoo wanaowika kwa sauti nzito. Bibi aliwapa binti zake wote, kila mmoja jike na jogoo siku ya kuolewa. Kuku wa mama zangu wakubwa na wadogo walikwisha mmoja mmoja, wengine kwa kideri, wengine kwa kicheche. Waliobaki walikuwa kwa mama tu, kumi na tisa, na katika hao jike mmoja na jogoo mmoja walihesabika kuwa wangu. Mama alikuwa akinitania kwamba nisipoolewa mapema wataendelea kula pumba zake bure.

Siku nilipomwomba mama aliuliza swali moja tu, kideri kikija kabla yenu itakuwaje. Nikamwambia tutakuwa tumefika zamani.

"Usiwape chochote mpaka nikwambie," nikamwambia.

Akasema sawa, ahadi ni deni.

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza, lile la kompyuta. Kuna programu ambayo unaipa jeni, nayo inakubadilishia kodoni zifuate mazoea ya kiumbe unachokitaka, kisha inakupa alama. Kadiri unavyojaza kodoni za haraka ndivyo alama inavyopanda. Nilikuwa mtoto wa kushika namba moja shuleni na ugonjwa huo haujanitoka. Nikaibadilisha jeni ile mpaka ikakaribia alama ya juu kabisa. Sikubakiza kodoni ya polepole hata moja. Nilipomwonyesha mkuu, aliitazama kwa muda, akaniambia angeacha sehemu chache zisomwe taratibu, hasa pale protini inapojikunja. Msomaji atasema haraka haraka haina baraka. Mkuu naye alisema hivyohivyo, na ndiyo maana nilimpuuza. Nilidhani ananipa methali kwa kukosa hoja. Nikamwomba tuijaribu ya kwangu. Akakubali, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuwaacha watu wajifunze.

Jeni iliagizwa nje ya nchi, ikakaa njiani, ikakaa bandarini, ikatufikia joto likiwa limeanza. Hamira iliisoma kama upepo. Protini ikatoka nyingi, nikapiga picha ya matokeo nikamtumia mama, ambaye hakuelewa kitu ila alinijibu mashaallah. Siku mbili baadaye tukagundua kwamba karibu yote imegandamana chini ya mirija, vipande vyeupe visivyoyeyuka. Tulikuwa na damu kidogo ya kuku waliougua kideri wakapona, tuliyoazimwa na wenzetu. Kingamwili zake hazikuitambua protini yetu hata kidogo, yaani haikuwa na sura ya ile ya kirusi.

Sababu ni rahisi ukishaumia. Protini haisubiri iishe kuandikwa ndipo ijikunje. Inaanza kujikunja ikiwa bado inatoka. Mahali pengine kodoni adimu huipa sehemu iliyotangulia nafasi ya kukaa sawa kabla inayofuata haijaiangukia. Kitumbua ukikigeuza kabla hakijashika, hakina maana tena hata kama unga ulikuwa mzuri. Mimi nilikuwa nimeziondoa pumzi zote.

Mkuu hakunisema. Aliitisha kikao, akatangaza kwamba majaribio ya nyumbani yanaahirishwa, na kwa kuwa msimu wa kideri ulikuwa unakaribia, kila nyumba tuliyoizuia ipelekewe matone ya kawaida mara moja, kwa gharama yetu, na mtu wetu ahakikishe yamedondoshwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikapewa orodha na chupa kwenye sanduku la barafu.

Janga niliimaliza kwa siku tatu. Nilipiga simu nyumba zote kwanza, kisha nikaenda. Nilipokelewa vizuri kupita nilivyostahili. Nyumba moja walinifungia mihogo kwenye kiroba, nyumba nyingine mzee alinishikia kuku mmoja mmoja huku akinieleza ukoo wa kila mmoja. Niliomba radhi kila mahali. Kwa watu baki ilikuwa rahisi kusema kwamba kazi yetu haikufaulu.

Chupa ya mama niliiacha kwenye friji ya maabara. Niliiandika "Mama" kwa kalamu ya wino mzito, isije ikachukuliwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu la kwanza ni malezi. Kwetu mgeni hupakuliwa kwanza na mtoto wa nyumbani hungoja, na hakuna anayeona kaonewa. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Nilipoitazama ile orodha, sikufikiri hata dakika moja kwamba jina lake lingeweza kuwa la juu. Wa Janga ni watu wa watu, wametuamini bila kutujua. Wa kwetu atangoja hadi Jumamosi nitakapokwenda kumsalimia. Jibu la pili silipendi. Nilikuwa nimeshamringia. Picha ile ya protini ilikuwa bado kwenye simu yake, na alikuwa akiwaonyesha watu. Kumpelekea matone yaleyale ya siku zote kulimaanisha kukaa kwenye kigoda chake na kumwambia kwamba kazi niliyomtumia picha yake imeharibika, na imeharibika kwa mkono wangu.

Jumamosi ya kwanza kulikuwa na arusi ya mwenzetu wa kazini. Ya pili nilikuwa naiandika jeni upya. Ya tatu mvua ilinyesha asubuhi na nikafurahi kwamba imenyesha. Katikati ya hapo tuliongea kwa simu kama kawaida, habari za korosho, habari za shangazi na mguu wake. Mwishoni aliuliza, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado kidogo, mama." Nilijibu hivyo zaidi ya mara moja. Baadaye nilikuja kujua kwamba wiki hizohizo mchanjaji wa kijiji alipita na matone yake nyumba kwa nyumba, na mama alimwambia kuku wake wana mtu, apite salama.

Alinipigia Jumanne asubuhi. Mama hanipigii asubuhi, anaona ni kuniingilia kazini.

"Kuku wanasinzia," alisema.

Nilichukua ile chupa nikaondoka bila kuaga. Nilipita Mbezi, nikapita Pugu, nikiendesha vibaya, na njia nzima nilijua kwamba ninachobeba hakina faida, kwa sababu matone hayamponyi kuku aliyekwisha kuugua. Nilimkuta kwenye kivuli cha banda la jiko. Alikuwa amewatenga wagonjwa kwa kipande cha wavu na amewawekea maji yenye shubiri, dawa ya bibi. Walikuwa wamejikunyata, mabawa chini, kinyesi cha kijani kibichi kama majani yaliyopondwa. Nikawadondoshea matone wale waliokuwa bado wanatembea. Nilifanya tu ili mikono yangu iwe na kazi. Hadi Ijumaa walikuwa wamekufa kumi na wanane. Tulichimba shimo kando ya mihogo, tukawafukia na majivu, mama akiwataja kwa sifa zao, huyu mwenye kilemba, huyu aliyekuwa analalia mayai ya wenzake. Jogoo wangu alikuwa wa tatu kuingia.

Alibaki jike mmoja, wa wale wagonjwa wa nyuma ya wavu ambao sikuwapa matone. Alipona lakini shingo ilimpinda upande, akawa anaitazama dunia kwa jicho moja na kuzunguka zunguka kabla ya kudonoa punje.

Mama hakunilaumu. Kama angenilaumu ningejua la kufanya, ningejitetea, tungegombana, yangekwisha. Aliniletea maji ya kunawa mikono, akakaa, akauliza, "Na wale wa Janga nao vipi? Maskini, na wao waliwasubiri nyinyi."

Nikamwambia kule hakijafika.

Akasema alhamdulillahi, na aliisema kwa moyo. Maneno yangu yalikuwa ya kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumwambia mama yangu. Nililala kwake tena usiku ule. Alfajiri hakuna jogoo aliyewika, mama akachelewa kuamka, akaniomba radhi kwamba chai haijawa tayari.

Nilirudi Kibaha nikaiandika jeni ile kwa namna nyingine. Safari hii niliifungua jeni ya kirusi chenyewe, nikatafuta ni wapi kilikuwa na kodoni zake adimu ndani ya kuku, nikaona nyingi zimekaa karibu na maungio, pale sehemu moja ya protini inapokwisha na nyingine kuanza. Kirusi kilikuwa kimezilinda kwa muda wote huo. Kwenye hamira nikayawekea maeneo hayo kodoni ambazo hamira nayo huzisoma taratibu, na kwingine nikaacha haraka. Alama ya programu ikashuka sana. Nilimpelekea mkuu, akaisoma, akasema itume, na hakusema nilikwambia. Kwa mara ya kwanza upole wake haukunikera.

Protini iliyotoka ilikuwa kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini ilikaa majini, safi, haikuganda. Kilichobaki kilikuwa kujua kama ina sura sahihi, na damu ya kuazima ilikuwa imekwisha. Tulihitaji damu ya kuku wa kienyeji aliyeugua kideri cha huku kwetu akapona, na ambaye hajapata chanjo kabla ya kuugua. Kuku wa namna hiyo ni wachache, maana wengi hawaponi. Mkuu aliniuliza, kwa uangalifu mwingi, kama mama angekubali.

Damu ile, niseme mapema, ilitupa jibu tulilolitaka. Kingamwili za yule kuku mwenye shingo iliyopinda ziliishika protini yetu vizuri. Bado si chanjo, bado kuna safari, lakini watu wa maabara walipiga makofi na mmoja akaenda kununua soda. Mimi nilikunywa yangu nje.

Nilikwenda Jumapili na sanduku la barafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza ninachotaka, akakubali kabla sijamaliza. Akamkamata yule kuku, akamweka mapajani, akamfunika kichwa kwa upindo wa khanga ili atulie. Nikainua bawa, nikang'oa manyoya machache, mshipa ukaonekana chini ya ngozi. Mama alikuwa anamsemesha kuku kwa sauti ndogo, kwamba ni sindano tu, kwamba ni mwanangu huyu, hana mkono mzito.

Hapo ndipo niliposhindwa. Damu ilikuwa inapanda kwenye bomba la sindano na nisingeweza kuondoa mkono, na nadhani ndiyo maana niliweza kusema, kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia.

"Mama, wa Janga niliwapelekea matone. Nyumba zote. Ya kwako ilikaa kwenye friji wiki tatu."

Hakunitazama. Nilichomoa sindano, akaichukua pamba kutoka kwenye mkono wangu, akaibana juu ya tundu kwa kidole gumba. Nikamwambia yote, ile jeni, alama, mkuu alivyonionya, arusi, mvua. Nikamwambia nilipokuwa najibu bado kidogo nilikuwa najua. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Kwa nini mimi?" akauliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nikasema, nilijua wewe ni wa nyumbani, utangoja.

Kuku alitoa kichwa kwenye khanga, akatutazama kwa lile jicho lake, mama akamrudisha ndani taratibu.

"Basi safari nyingine, mwanangu," akasema, "na mimi niandike mgeni."

Nililia palepale kwenye kigoda, mtu mzima mimi, sanduku la barafu likiwa wazi miguuni. Mama hakuninyamazisha. Aliendelea kuibana ile pamba kwenye bawa mpaka damu ikakatika.